Sura ya Nne: Waliokosa Kufa

Tuanze na neno lenyewe, maana limenisumbua tangu nianze kuandika kitabu hiki. Waingereza wana viumbe wao wa hadithi waitwao elf. Ukilichukua jina hilo ukalitia irabu mwishoni, kama tulivyozoea kuyafanyia maneno ya wageni, unapata elfu, nasi elfu tunayo tayari, tunahesabia fedha. Andika kwamba elfu watatu walitoka msituni, na msomaji atakuuliza elfu tatu za nini. Kuwaita majini nako ni kupotosha. Jini tunamjua: ameumbwa kwa moto, ana dini yake, humpanda mtu kichwani na kudai ubani. Hawa hawampandi mtu. Wana miili kama yetu, wanakula mkate, wanalewa mvinyo, na ikibidi wanauana. Basi nimeamua kuwaita Waelfi, mmoja Mwelfi, na aliye na jina bora zaidi alilete. Hata hivyo ile elfu haikukosea sana: humu utakutana na bibi aliyeishi zaidi ya miaka elfu saba na hana kunyanzi hata moja usoni.

Asili yao ni ya kale. Waingereza wa zamani waliwashuku kwa maradhi: mtu au ng'ombe akichomwa na maumivu ya ghafla, walisema amepigwa mshale wa Mwelfi. Karne ya 13, Snorri Sturluson wa Iceland aliandika kwamba wako wa nuru na wako wa giza. Kufika enzi za Shakespeare walikuwa wamenywea kiasi cha kujificha ndani ya vikombe vya mbegu za mwaloni, na baada ya hapo wakaishia katika vitabu vya watoto wakiwa na mabawa ya kipepeo. Aliyewarudishia kimo chao ni profesa mmoja wa Oxford, J.R.R. Tolkien. Waelfi ninaowaeleza katika sura hii ni wake, kwa sababu karibu wote unaowaona leo kwenye filamu na michezo ya kompyuta, warefu, wazuri, wapiga upinde, ni wajukuu wa hao.

Mtu huyu alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, baba yake akiwa meneja wa benki. Alipokuwa na miaka mitatu mama yake alimpeleka Uingereza. Baba, aliyebaki kazini, alifariki mwaka uliofuata. Mama akafuata mwaka 1904, kwa kisukari, wakati insulini haijagunduliwa bado. Mwaka 1916 kijana akapelekwa vitani Somme, Ufaransa. Siku ya kwanza ya mapigano hayo, Julai 1, rafiki yake wa shuleni Rob Gilson aliuawa, na kabla mwaka haujaisha G.B. Smith naye akafa kwa majeraha. Tolkien mwenyewe aliokolewa na chawa: walimwambukiza homa ya mahandaki, akarudishwa kwao mwezi Novemba, na akiwa anajiuguza akaanza kuandika kisa cha mji wa Waelfi unaozingirwa na kuteketezwa, Gondolin.

Mtu aliyezika hao wote ndiye aliyebuni watu wasiokufa. Ungetegemea awape raha. Aliwapa huzuni.

Kutokufa kwao kuna masharti, na ukiyaelewa masharti hayo umeshaelewa nusu ya mila zao. Mwelfi hazeeki wala haugui. Lakini upanga unamuua, na majonzi yanamuua pia. Akichoka na maisha anaweza kulala chini akaiacha roho itoke. Roho hiyo haiendi mbali. Inaitwa magharibi, kwenye kumbi za Mandos, mlinzi wa wafu, inangoja huko, na baada ya muda inaweza kupewa tena mwili kama ule wa kwanza. Glorfindel alianguka akipigana na pepo la moto siku Gondolin ilipotekwa. Maelfu ya miaka baadaye ndiye anayekutana njiani na Frodo, mhusika mkuu wa riwaya kuu ya Tolkien, yuko juu ya farasi mweupe, mzima kabisa.

Sharti lenyewe ni hili: Mwelfi hawezi kutoka katika dunia hii. Ikidumu, anadumu nayo. Itakapokwisha, hakuna aliyewahi kumwambia nini kitampata. Mwanadamu, yeye, anakufa, na roho yake inatoka nje ya ulimwengu, kwenda mahali ambapo Mwelfi mwenye hekima kuliko wote hapajui. Tolkien, Mkatoliki wa kweli kweli, anakiita kifo hicho zawadi ya Mungu kwa wanadamu. Mara ya kwanza kusoma hivyo nilikunja uso. Kwamba sisi wenye kuoza ndio tunaoonewa gere? Lakini mwandishi huyu hatanii, na kila desturi ya Waelfi aliyoibuni imeshonwa juu ya kitambaa hicho.

Chukua uzazi. Kuna maandishi yake marefu kuhusu sheria na mila za Waelfi, yaliyochapishwa mwaka 1993, miaka 20 baada ya kifo chake, kwa kazi ya mwanawe Christopher. Humo tunaambiwa mimba ya Mwelfi ni ya mwaka mzima, na siku wanayoisherehekea ni ile ya kutunga, si ya kuzaliwa. Mtoto anasema, anatembea na kucheza ngoma kabla hajatimiza mwaka. Akili inakimbia, mwili unakokota miguu: hufikia utu uzima karibu na mwaka wa 50, na wengine mpaka wa 100. Na watoto ni wachache. Watu wenye muda usiokwisha wangeweza kuijaza dunia, lakini inasemwa kwamba kuzaa kunakula nguvu za roho ya Mwelfi kuliko ya mwanadamu, na Fëanor mwenye wana saba anatajwa kama jambo la ajabu. Kwa babu zetu wengi saba ilikuwa ndiyo kwanza nyumba imeanza kuchangamka.

Kazi za nyumbani nazo zina utaratibu wake. Kupika ni kazi ya wanaume, na wanaifurahia. Mkate, hasa wa safari, lembas, ule unaofungwa kwa majani na ambao kipande kimoja kinamtosha msafiri siku nzima, ndio wa wanawake, na mwenye haki ya kuugawa ni malkia. Uganga zaidi ni wa wanawake, si kwa sababu wanaume hawauwezi bali kwa sababu wanaamini kuua, hata kuua mnyama, kunapunguza uwezo wa kuponya. Mwanamume akishika uganga anaacha kuwinda.

Ndoa ni moja, na hapa ndipo kutokufa kunapoanza kuuma. Wachumba wanabadilishana pete za fedha, wanangoja mwaka usiopungua mmoja, kisha zinakuja za dhahabu. Hakuna talaka. Hakuna pia kuoa tena mwenzako akifa, na sababu iko wazi ukiifikiri: marehemu anaweza kurudi. Atarudi na mwili wake na sauti yake, agonge mlango, afunguliwe na nani?

Swali hilo liliulizwa mara moja tu, nalo ndilo lililoangusha kila kitu. Finwë, mfalme wa ukoo wa Noldor, alimuoa Míriel, fundi wa sindano asiye na mfano. Wakamzaa Fëanor, na kumzaa kukammaliza. Míriel alisema nguvu ambazo zingeweza kuzaa wengi zimekwenda zote kwa huyu mmoja. Akalala chini ya miti, roho ikamtoka, na ilipoulizwa kama inataka kurudi ikakataa. Hicho kilikuwa kifo cha kwanza katika nchi ambayo iliahidiwa kutokuwa na kifo. Finwë alitaka mke na watoto zaidi. Kwetu mjane wa kiume angekaa miezi michache, wazee wakamtafutia mke, na hakuna ambaye angeuliza. Kule ilibidi miungu wakae baraza. Uamuzi ukawa kwamba anaruhusiwa kuoa, lakini kwa sharti kwamba Míriel asirudi tena kamwe. Kwa maneno mengine, ili baba apate arusi, mama wa Fëanor alifungiwa mlango wa kaburi kwa nje.

Fëanor akakua na jambo hilo kifuani. Na hapa Tolkien anafanya kitu ambacho ni mwanaisimu tu angekifanya: anaupitisha ugomvi wote katika herufi moja. Míriel alikuwa na jina la sifa, Therindë, yaani mwanamke wa sindano. Katika zama hizo Wanoldor walianza kuiacha sauti ya th na kutamka s badala yake, bila nia mbaya, kama ulimi unavyopenda urahisi. Mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kumsahihisha mtoto wa darasa la pili anayesema "semanini" na "samani ya pesa" anaijua habari hii kwa uchovu. Míriel alitaka jina lake litamkwe kama lilivyo. Alipokufa, watu wakamwita Serindë, na mke mpya, Indis, akashika s kama majirani zake. Fëanor akalichukua kuwa tusi. Akaishikilia th maisha yake yote, akawafundisha wanawe wafanye hivyo, na ikafika mahali ukimsikia mtu anasema s au th unajua yuko upande wa nani. Nimesoma maelezo mengi ya kwa nini ndugu huchukiana, na machache yamenishawishi kama haya ya mtoto anayetetea matamshi ya jina la mama yake.

Mengine yaliyofuata ni mashuhuri, nitayapitia haraka. Fëanor alitengeneza vito vitatu, Silmaril, vyenye nuru ya miti miwili iliyoangaza nchi ile kabla ya jua na mwezi. Morgoth, adui mkubwa, aliiua miti hiyo, akamuua Finwë na kuvibeba vito. Fëanor na wanawe wakala kiapo cha kuvifuata popote vilipo. Walihitaji merikebu za kuvukia bahari; jamaa zao wa pwani, Wateleri, wakakataa kutoa zao; wakauawa gatini, mikono ikiwa bado juu ya vyombo vyao. Waelfi waliwaua Waelfi, na kabla kiapo hakijaisha nguvu walifanya hivyo mara mbili nyingine. Wanaodhani viumbe hawa ni malaika wenye masikio marefu waanzie gati lile.

Mauaji hayo yakarudi tena kwenye lugha. Thingol, mfalme wa Waelfi waliokuwa hawajawahi kuvuka bahari, alikuwa ndugu wa mkuu wa waliouawa. Aliposikia ukweli alipiga marufuku lugha ya wauaji, Quenya, katika himaya yake. Wanoldor, sasa wahamishwa, wakajifunza Sindarin, lugha ya wenyeji, na Quenya ikabaki ya ibada, ya elimu na ya mashairi, kama Kilatini kwa Wazungu. Watoto waliozaliwa uhamishoni waliijua kwa kufundishwa, si kwa kunyonya.

Lugha hizi mbili ni za kweli kuliko unavyodhani. Akiwa mwanafunzi Oxford, Tolkien alikuta kitabu cha sarufi ya Kifini katika maktaba ya chuo chake, akalewa nacho. Quenya inatokana na ulevi huo, na ladha ya Kilatini na Kigiriki imo. Sindarin aliijenga juu ya sauti za Kiwelisi. Faharasa ya kwanza ya maneno aliianza mwaka 1915, miaka 22 kabla ya kitabu chake The Hobbit kutoka. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba lugha zilitangulia, hadithi zikaja baadaye ili lugha zipate watu wa kuzisema. Hati yao, inayodaiwa kuwa kazi ya Fëanor, nayo ina kitu ambacho msomaji wa pwani atakitambua: katika namna yake moja iliyoenea zaidi, konsonanti ndiyo herufi na irabu ni alama inayokaa juu yake. Aliyefundishwa fataha, kasra na dhumma akiwa amekalia mkeka hatahitaji maelezo marefu.

Hata jina la kwanza walilojipa ni la lugha. Waliamka kando ya ziwa Cuiviénen, mashariki ya mbali, kabla jua halijaumbwa. Kitu cha kwanza kuona ni nyota. Kitu cha kwanza kufanya ni kuvipa vitu majina. Wakajiita Quendi, wanaosema kwa sauti, kwa sababu hawakuwa wamekutana na kiumbe mwingine anayesema. Jina la watu wa nyota, Eldar, walipewa na mwingine, yule mungu aliyewakuta pale na kuwaita magharibi. Wako waliokubali safari na wako waliokataa, na wako walioanza wakakomea njiani kwa kupenda msitu au mto. Makabila yao yote yametokana na nani alikomea wapi.

Na wakati? Watu wa namna hii wanauhesabu vipi? Wana mwaka wa jua kama wetu, lakini kipimo chao hasa ni yén, miaka 144, maana hupenda kuhesabu kwa kumi na mbili. Juma lao lina siku sita, mwaka wao katika makao ya Rivendell una majira sita. Siku yao inaanza jua likitua. Hapa Mswahili yuko nyumbani, kwa sababu kwetu nako Ijumaa huingia Alhamisi jioni.

Ila kuhesabu si kuishi. Mwelfi anakumbuka kila kitu, na kumbukumbu yake ni bichi kama jana. Msitu alioupenda umekatwa, mto umehama, rafiki zake wanadamu wamezaliwa na kuzeeka na kufa kabla hajamaliza kuwazoea. Yeye yuko palepale. Kadiri anavyoishi ndivyo yaliyopita yanavyokuwa mengi kuliko yaliyopo. Kutokana na hali hiyo ukazuka udhaifu wao mkubwa, ambao wasomaji wengi huuona kuwa ndio uzuri wao: wanataka kuzuia. Zile pete tatu za Waelfi, Narya, Nenya na Vilya, hazikutengenezwa kwa vita wala kwa utajiri. Zilitengenezwa ili vitu visichakae. Bibi Galadriel, yule wa miaka elfu saba niliyemtaja, aliitumia Nenya kuufanya msitu wa Lothlórien ubaki jinsi dunia ilivyokuwa ujanani mwake. Frodo na wenzake walikaa humo karibu mwezi mzima. Walipotoka, mmoja wao, Sam, akautazama mwezi angani na hesabu zake za siku zikakataa kulingana. Wasomaji huitamani Lothlórien. Mwandishi wake, katika barua zake, alikuwa mkali zaidi: aliwafananisha Waelfi na watu wanaotia maiti dawa isioze. Kosa lao, kwa maoni yake, ni kutaka faida ya kubaki kwenye ardhi ya wenye kufa bila kukubali kwamba ardhi hiyo inabadilika.

Ndiyo maana nakiona kitendo cha Galadriel kuwa kikubwa kuliko vita vyote vya riwaya hiyo ya Frodo. Frodo anampa bure, mkononi, Pete Kuu inayozitawala zile tatu. Akiichukua, Lothlórien itadumu naye atatawala. Akiiacha ikaharibiwa, zile tatu nazo zinakufa nguvu na msitu wake unaanza kuzeeka kama misitu mingine. Anaiacha. Anakubali kuwa mdogo na kwenda zake magharibi.

Wapo wachache waliopewa kuchagua. Elrond na pacha wake Elros walikuwa na damu ya pande zote mbili. Elros alichagua ubinadamu, akawa mfalme, akaishi miaka 500 na kufa. Elrond alichagua Uelfi, na kwa maelfu ya miaka akawalea watoto wa kizazi cha ndugu yake, kizazi baada ya kizazi, mpaka akafika kwa Aragorn, ambaye Arwen, binti wa Elrond, alimpenda. Arwen alikuwa na miaka zaidi ya 2,700. Aragorn alipomposa hakuwa hata amefika nusu karne. Arwen akachagua kufa, na kwa uchaguzi huo baba na binti wakaagana kwa namna ambayo hakuna Mwelfi mwingine wa zama zile aliyeagana: pasipo kumbi za kungojea, pasipo kurudi. Aragorn alifariki akiwa na miaka 210, na Arwen, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiwahurumia wanadamu kwa mbali, akaelewa. Alirudi peke yake Lothlórien, Galadriel ameshaondoka, miti imenyamaza, akalala juu ya kilima walichoahidiana, akafa majira ya baridi yanapokwisha.

Kisa cha kwanza cha aina hiyo, cha Lúthien aliyemfuata mwanadamu Beren, kilizaliwa mwaka 1917 katika kichaka cha Yorkshire, ambako Edith, mke wa Tolkien, alimchezea ngoma mumewe akiwa likizo ya ugonjwa. Edith alifariki mwaka 1971, na Tolkien akaagiza jina la Lúthien lichongwe chini ya jina la mkewe kwenye kaburi lao Oxford. Mwaka 1973 chini ya jina la Tolkien likachongwa la Beren. Mwelfi aliyechagua kufa na mwanadamu aliyepewa kurudi. Katika majina yote aliyoyabuni kwa miaka 60, alichukua hayo.

Waelfi wasioondoka wanafifia. Roho inaendelea kuwaka na mwili unakuwa kama utambi, unaisha polepole, mpaka anabaki kiumbe asiyeonekana kwa macho ya watu. Kwa maelezo hayo Tolkien alijibu kimyakimya swali la kila mtoto: kama walikuwepo, wako wapi?

Wenye kuondoka wanapitia bandari ya Grey Havens, na bandari hiyo ina mwenyeji wake, Círdan, fundi wa merikebu. Ni mzee kuliko Galadriel. Waelfi kwa kawaida hawana ndevu. Yeye anazo, ndefu, zenye mvi. Katika maandishi ya miaka ya mwisho ya Tolkien tunaambiwa kwamba zamani za safari ya kwanza Círdan alichelewa kwa sababu alikuwa akimtafuta jamaa yake aliyepotea msituni. Alipofika pwani, kisiwa kilichowabeba wenzake kilikuwa kimeshang'oka, kinaonekana kwa mbali kinazama kwenye upeo wa macho. Akaapa kuunda chombo chake na kuwafuata hata kama ni peke yake. Usiku huo ikamjia sauti ikimwambia angoje, kwamba chombo chake hakijawa tayari kwa bahari ile, na kwamba itafika siku kazi yake itahitajika. Akangoja. Akachonga mbao kwa zama tatu, akiwasafirisha wengine kwenda alikotaka yeye kwenda. Siku Frodo, Elrond na Galadriel walipofika gatini alikuwa amesimama pale, akawaarifu kuwa chombo kiko tayari, wakapanda, tanga likatwekwa. Yeye hakupanda.